Ukurasa wa Tisa Bado Uko Palepale

Uvumilivu wangu uliniishia ofisini Lodwar, asubuhi, mbele ya neno moja la kijani. Kijana wa kompyuta aligeuza skrini yake ili nijionee mwenyewe. Palikuwa na jina langu, jina la kitabu, maelezo niliyotuma, na pembeni, kwa rangi ya majani yaliyonyeshewa: LIMETATULIWA.

"Ona mathe, hii maneno iliisha kitambo," akasema. "Tulirekebisha siku ileile."

Nikatoa mkobani tableti niliyoazimwa na mwalimu mkuu wa shule ya binti yangu kule Kakuma. Nikafungua kitabu kilekile, ukurasa wa tisa, nikailaza kando ya kompyuta yake. Kwenye kompyuta ngamia walikuwa na mapaja matupu. Kwenye tableti walikuwa ngamia walewale, na kila paja lina alama ya familia ya mume wangu, na kila sikio la kushoto limekatwa vile baba mkwe wangu anavyolikata.

Akatazama huku, akatazama kule.

"Hiyo yako ni ya zamani. Ipeleke penye mtandao, itajirekebisha yenyewe."

Nikakaa chini. Sakafuni, si kitini. Nikamshusha mtoto mgongoni nikamnyonyesha, nikamwambia siondoki hapo mpaka nipewe karatasi na kalamu, kwa maana mambo ya kioo nimeshiba.

Sasa, nyinyi vijana mnaofundishwa kutengeneza vitabu vya kusomwa kwenye kioo, mwalimu wenu aliniomba niwaambie mawili matatu kama mtu aliyestaafu. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni tu. Kazi hii niliianza nikiwa nimetoka kidato cha nne, harufu ya chaki bado iko kwenye sketi, na siku niliyoiacha nilikuwa na hasira ambayo bado ninayo ninapoandika. Kwa hiyo hekima katafuteni kwingine. Mimi nitawaambia nilipojikwaa.

Fundi wangu alikuwa Papa Musafiri, Mkongo, aliyekuwa akipanga herufi kwenye kiwanda cha kupiga chapa Bukavu kabla vita havijamleta kambini Kakuma. Duka lake sokoni lilikuwa na mashine moja ya fotokopi, jenereta inayokohoa, na kitambaa chenye unyevu cha kufunika mashine upepo wa vumbi unapoinuka. Ukisahau kitambaa, kila ukurasa unatoka na mvi. Nilisahau mara tatu. Mara ya tatu alinifanya nile chakula cha mchana nimekiacha wazi nje, nikatafuna mchanga, akaniuliza kama ni kitamu.

Alinifundisha kusoma ukurasa kutoka mstari wa chini kwenda juu, rula ikifunika mistari mingine, kwa sababu ukisoma kutoka juu hadithi inakubeba na kosa linapita chini yako. Alinifundisha kushona vitabu kwa uzi wa nyavu, ule unaouzwa Kalokol kwa wavuvi, kwa sababu gundi ya dukani ikikutana na joto letu inakauka na kuvunjika kama biskuti. Na kila tulipopiga kurasa mpya alizitundika kwenye kamba nje ya duka, zimebanwa na vibanio vya nguo. Mimi nilidhani zinakauka. Wino wa fotokopi hauhitaji kukauka, lakini sikujua, na yeye hakuniambia.

Kosa langu kubwa enzi hizo lilikuwa la mbuzi. Tulitengeneza kitabu cha kuhesabu cha watoto wa chekechea. Ukurasa wa saba ulipaswa kuwa na mbuzi saba, mimi nikapanga sita. Herufi zilikuwa sawa, tarakimu ilikuwa sawa, mbuzi mmoja hayupo. Vitabu vikaenda shule za Kakuma hadi Kalobeyei. Baada ya siku chache mwalimu akaja dukani akicheka mpaka machozi. Alikuwa na mtoto wa wafugaji, wa miaka mitano, aliyefika ukurasa ule, akahesabu, akahesabu tena, kisha akasimama kuelekea mlangoni. Alipoulizwa anakwenda wapi akasema mbuzi mmoja amepotea, na mwalimu amekaa tu.

Papa Musafiri hakucheka. Alichora mbuzi mmoja mdogo, akamtoa nakala nyingi, akanipa mkasi na kopo la gundi ya unga wa ngano. Nikaenda shule kwa shule, kitabu kwa kitabu, nikibandika mbuzi. Wanawake wa kisimani walinipachika jina la mchungaji wa karatasi. Wakiniona na kopo langu wananisalimu kwa Kiturkana na kuuliza, "Ejok, umempata?"

"Kosa ya karatasi unaifuata na miguu," Papa Musafiri aliniambia niliporudi nimechubuka visigino. "Siku utaacha kutembea, kosa njo itatembea yenyewe."

Nilifikiri anavisifia viatu vyangu.

Msiniweke kundi la wanaolilia karatasi. Tableti zilipokuja nilizipenda. Nilipoona kabati zima la vitabu limeingia kwenye kitu cha ukubwa wa sahani niliuonea huruma mgongo wangu, kwa makatoni yote niliyoyabeba bure. Mwalimu mmoja wa Todonyang, kule juu kabisa mpakani, aliwahi kunieleza kwamba darasa lake lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, akakipasua: huyu ana kurasa kumi za mwanzo, yule ana zinazofuata, na mwisho wa hadithi ulikuwa kwa mtoto mmoja ambaye wenzake walikuwa wakimnyenyekea kama chifu. Tableti zilipofika kila mtoto akapata mwanzo wake na mwisho wake. Hilo ni jema, na atakayenibishia aende Todonyang.

Kwa hiyo shirika la kuchapisha vitabu vya kidijitali lilipotafuta mhariri wa hadithi za Kiturkana na Kiswahili, nikaenda. Papa Musafiri alinipa rula yake. Nikaiweka kwenye droo, kwa maana kwenye kioo rula ni ya nini.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mtu mchoyo anamficha ngamia jike wa jirani katikati ya ngamia wake mwenyewe, kisha anaumbuka. Ukurasa wa tisa unaonyesha boma la huyo mwizi, ngamia wake wamesimama.

Mchoraji alikuwa Nairobi, kijana mpole ambaye hajawahi kukanyaga kwetu. Ngamia wake wa kwanza walikuwa na nundu mbili. Nikamwambia huku nundu ni moja. Akaomba radhi, akachora upya. Hapo ningenyamaza. Lakini nilitaka kujionyesha mjuzi, nikamwandikia kwamba ngamia wa Turkana hatembei uchi, ana alama. Akajibu: alama ya namna gani, nitumie picha. Siku hiyo binti yangu Akiru alikuwa na homa, niko kwenye foleni ya zahanati, simu inakaribia kuzima. Nikapekua picha nilizokuwa nazo, nikakuta ngamia aliyesimama vizuri kiubavu, nikatuma.

Alikuwa ngamia wa baba mkwe wangu.

Kwa mtu wa nje, emachar ni mistari iliyochomwa kwa chuma kwenye ngozi. Kwetu hiyo alama inasema ukoo, na mkato wa sikio unasema nyumba. Ukiziona mbili pamoja, umesoma jina la mtu. Alama yenyewe sitaieleza hapa. Nimejifunza.

Mchoraji akawapiga ngamia wote wa yule mwizi alama niliyomtumia. Kwake yeye lilikuwa pambo. Nami niliuhakiki ukurasa huo kwenye simu, kioo cha ukubwa wa kiganja. Maneno niliyasoma kutoka chini kwenda juu kama nilivyofundishwa, hayakuwa na kosa hata moja. Mapaja ya ngamia sikuyasoma.

Hapo ndipo nilipoelewa ile kamba ya Papa Musafiri. Kurasa zilikuwa zinawangoja wapita njia. Ule ukurasa wa tisa ungening'inia sokoni asubuhi moja tu, mzee wa kwanza angesimama na kuuliza ngamia wa fulani wanatafuta nini humo. Wazee wetu wengi hawajui herufi. Alama wanaisoma kwenye vumbi, toka mbali, jua likiwapiga usoni. Kwenye simu yangu hapakuwa na mpita njia yeyote.

Kitabu kikaenda shule zote za mradi, Lodwar, Kakuma, Kalobeyei, kwa siku moja. Hakuna aliyetembea.

Akiru alikuwa Gredi ya Tatu. Alirudi nyumbani siku moja, akavua viatu, akaniuliza kama Babu aliiba. Nikamuuliza nani kasema. Akasema kila mtu, na sasa darasani haitwi Akiru, anaitwa Mtoto wa Ukurasa wa Tisa. Akipita wanafungua tableti, wanainua juu. Nilidhani ni utani utakaochoka. Wiki iliyofuata alianza kuumwa tumbo kila asubuhi, na saa za shule zikipita tumbo linapona.

Kisha akaja mzee Esinyen. Huyu analisha upande mmoja na baba mkwe wangu, na alikuwa amepoteza ngamia wawili tangu ukame. Mjukuu wake anasoma shule moja na Akiru, naye ndiye aliyemwonyesha ukurasa. Alikuja na fimbo na kigoda chake, lakini kigoda hakukitua. Aliletewa maziwa, akayakataa. Nilikuwa ndani na mtoto mdogo, nikasikia kibuyu kikirudishwa chini, nikajua amani imekataliwa.

"Mimi sisomi," alisema mzee Esinyen. "Hiki nimekisoma. Kitabu cha shule kimejuaje?"

Baba mkwe wangu aligeukia mlango wangu. Kwetu mke wa mwana hazungumzi na baba mkwe uso kwa uso, wala jina lake halitaji, na mimi pia sitalitaja hapa. Tunatumia mtoto katikati. Kwa hiyo maneno ya siku ile yalipita kwa Akiru, mtoto yuleyule ambaye yalikuwa yakimchoma, akisimama mlangoni, akigeuza shingo huku na huku.

"Babu anasema, mwambie aliyekiandika afute."

"Mwambie Babu nimewaambia. Wamefuta."

"Babu anauliza, kama wamefuta, Esinyen ameona nini?"



Nyinyi wa mjini mtasema ni picha tu. Ngamia wawili huku si jambo la kuandikisha polisi na kurudi nyumbani kulala. Vijana wa Esinyen na vijana wa nyumba yetu wananywesha kisima kimoja, na kila upande najua umebeba nini begani. Mume wangu ni dereva wa lori la Lokichoggio, yuko barabarani peke yake siku nzima. Nilianza kumpigia simu kila alipofika kituo. Akaniuliza kama nina wivu. Nikasema ndiyo, maana hilo ni rahisi kulieleza.

Nami nilikuwa nimesema kweli: walifuta. Siku nilipotoa taarifa ofisini waliondoa alama kwa kubofya mara moja, na kijana wa kompyuta akajipiga kifua jinsi alivyo mwepesi. Kitabu kilichoko huko kwenye mtandao ni safi kama sahani ya harusi. Lakini shule zetu hazina mtandao. Tableti zilijazwa vitabu Lodwar, zikapakiwa kwenye gari, zikaletwa, na tangu hapo hazijaonana na mtandao tena. Ndiyo maana zilinunuliwa hizo, zisomeke bila mtandao. Kilichorekebishwa ni kitabu ambacho watoto wetu hawana.

Nikaamua kufanya nilichofundishwa. Nikaweka kitabu kipya kwenye memori kadi, nikavaa viatu vya kutembelea, nikaenda shule ya Akiru. Tableti ikadai nywila. Nikapiga simu ofisini kuomba nywila. Wakasema haitolewi, kwa sababu za usalama.

Usalama. Nilimtazama mwalimu mkuu, naye akatazama dari.

Hasira ikanitia ujinga. Nilikuwa na plasta ya vidonda mkobani, nikakata kipande, nikakibandika juu ya kioo, palepale penye paja la ngamia. Nikasimama nyuma kukagua kazi yangu, fundi wa mbuzi amerudi. Mwalimu mkuu akavuta ukurasa kwa kidole. Ukurasa wa kumi ukaja, na plasta imemziba mtoto wa hadithi uso mzima. Ukurasa wa kumi na moja, plasta imekaa mwezini. Akafungua kitabu cha hesabu, plasta ipo.

"Mama Akiru," akasema polepole, "umevibandika vitabu vyote."

Tulicheka, mimi na yeye, mpaka mlinzi akachungulia. Kisha nikalia. Kibandiko cha karatasi kinakaa na kosa lake. Cha kioo kinakaa na kila mtu isipokuwa kosa, maana ukisukuma ukurasa kosa linateleza chini yake.

Nilipita kwa Papa Musafiri. Siku hizi anachaji simu na kupiga picha za pasipoti, ile mashine ya fotokopi imekuwa meza. Nilimwonyesha tableti. Aliishika mbali na macho, kama mtu anayepima samaki, akauliza neno moja tu: hii kitu, ufunguo iko na nani? Nikamwambia uko ofisini Lodwar. Akanirudishia.

"Basi hauna kitabu, mama. Uko nayo mkononi, kitabu ni ya mwenye ufunguo."

Mkiandika lolote kwenye madaftari yenu, andikeni hilo. Halafu andikeni na hili: kabla hujauachia ukurasa, mwonyeshe asiyejua herufi. Uchape kwa karatasi hata kama kitabu ni cha kioo, uutundike mahali watu wanapita, unyamaze, usikilize. Na picha ya mali ya mtu usiitume kutoka kwenye foleni ya zahanati.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeniazima tableti niende nayo Lodwar. Alisema wakiona kwa macho wataelewa. Mnajua walichokiona: neno la kijani.

Basi nilikaa pale sakafuni hadi mtoto akashiba na kulala. Yule kijana alinizunguka mara mbili akienda kuchota maji. Alinieleza kwamba malalamiko yanajazwa mtandaoni, kwa Kiingereza, na kwamba langu mfumo hauwezi kulifungua tena kwa sababu limeshafungwa. Nikamwambia sina shida na mfumo, nina shida na yeye, anipe karatasi. Mwishowe alichomoa tatu kwenye mashine ya kuchapia. Ya kwanza niliandika mistari miwili ya kuacha kazi. Ya pili, iliyoendelea hadi nyuma, niliinakili kwenye ya tatu, na ilisema hivi:

*Kwa Meneja wa Mradi, Ofisi ya Lodwar.*

*KUH: UKURASA WA TISA*

*Mimi ni mama wa mwanafunzi wa Gredi ya Tatu, Kakuma. Hadi asubuhi ya leo nilikuwa pia mhariri wenu wa lugha.*

*Kwanza naandika kosa langu, ili mtu asije akalitumia kunijibu. Picha ya ngamia niliituma mimi. Sikumwomba ruhusa mwenye ngamia. Ukurasa niliupitisha mimi, kwenye simu. Mchoraji hana hatia, asiguswe.*

*Sasa la kwenu. Mmeandika kwamba lalamiko hili limetatuliwa. Naomba mtaje shule moja ambako limetatuliwa. Nimebeba tableti moja kutoka Kakuma, mfanyakazi wenu ameiona, na alama ya baba mkwe wangu ingali kwenye paja la ngamia wa mwizi. Kwa sababu ya ukurasa huo binti yangu ameacha kwenda shule, na mzee wa jirani amekataa maziwa nyumbani kwetu. Kama hamjui kukataa maziwa ni nini, muulizeni mlinzi wenu hapo mlangoni, yeye ni wa hapa.*

*Nataka nywila. Kama hamniamini, nipeni mtu aliye nayo, nami nitamwongoza shule kwa shule, kwa miguu, hadi tableti ya mwisho. Viatu ninavyo na njia ninazijua.*

*Nataka pia barua ya karatasi, yenye muhuri wenu, inayosema kwamba alama ile iliwekwa kwa makosa na kwamba mwenye alama hakuiba kitu. Isomwe na walimu mbele ya watoto. Nakala moja nitampelekea mzee Esinyen, asomewe, naye aishike mkononi mwake.*

*Lile neno la kijani liondolewe leo nikiwa nimekaa hapa. Lisirudishwe mpaka baba mkwe wangu mwenyewe aonyeshwe ukurasa wa tisa katika tableti ya shule ya mjukuu wake, na aseme yeye.*

*Barua hii nimeiandika kwa wino, nakala mbili, zote zipigwe muhuri wa kupokelewa mbele yangu. Moja ni yenu. Nyingine naondoka nayo mkobani, na hiyo haitajirekebisha yenyewe.*